Dumu la Bahari

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni Bariadi ananiuliza swali lilelile: "Mwalimu, ni kweli ulikwenda Bagamoyo kuchota maji?" Wengine nimewapa robo ya habari, wengine nusu, na walimu wenzangu ofisini wameviunga vipande hivyo wakapata hadithi ambayo hata mimi siijui. Basi naandika yote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi, akae chini asome.

Kisa kilianzia darasa la sita. Nafundisha sayansi, huu ni mwaka wa ishirini na sita, na mwakani nastaafu. Siku hiyo nilikuwa nimechora ubaoni mzunguko wa maji: jua, mvuke, wingu, mvua, mto, bahari. Mishale yangu huwa inanyooka, hilo hata mwalimu mkuu anakubali. Kabula, binti wa dawati la mbele ambaye haachi neno lipite bila kuligonga aone kama lina kitu ndani, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe bahari umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeionja?"

"Nimeionja. Ina chumvi."

Sikuwa nimeiona. Miaka yote hiyo nafundisha bahari, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Dodoma, kwenye semina. Sijui kwa nini nilidanganya. Nadhani niliona aibu. Jioni nasahihisha madaftari nikakuta Kabula ameandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Maji ya bahari yana chumvi. Mwalimu ameyaonja." Nikaweka vema kwa kalamu nyekundu. Ile vema ndiyo iliyoninyima raha.

Kuna jambo jingine pia, ambalo baadhi yenu mnalijua. Safari ya bahari tulikuwa tumeipanga wawili, mimi na mke wangu Nyamizi. Tulisema nikistaafu tu tutakwenda, yeye atavaa viatu vyake vya harusi za watu halafu atavivua mchangani. Alifariki masika ya mwaka juzi. Tangu hapo sikutaka hata kuiona picha ya bahari kwenye kalenda.

Lakini vema ile ilikuwa pale kwenye daftari, na mada ya maji tungeimalizia shule ikifunguliwa baada ya likizo fupi ya Septemba. Nikachukua dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kula, nikaliosha kwa majivu na maji ya moto, nikaanika. Dada yangu Mbuke nikamwita kutoka Mwamapalala aje anilindie nyumba na kuku. Aliponiuliza naenda wapi nilimwambia naenda kikazi. Huo ukawa uongo wa pili.

Bariadi hadi Shinyanga

Basi liliondoka asubuhi. Kijana niliyekaa naye alikuwa na vidude masikioni, akaniitikia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, baba," kwa heshima zote, kisha akafumba macho mpaka Shinyanga. Simlaumu. Nilikuwa nimebeba habari nyingi mno kwa mtu asiyeziomba.

Kwenye daraja la mto Simiyu nilisimama kabisa ili nione. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kama mnavyoujua mwezi wa tisa. Chini walikuwepo kina mama na ndoo, kila mmoja kwenye shimo lake, na kila shimo limezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasitie miguu. Shimo ni la aliyelichimba. Hata uwe na kiu ya kufa, unasimama pembeni, unasalimia, unaomba. Nyamizi alikuwa nalo shimo lake pale kabla hatujavutiwa bomba, na alikuwa mkali nalo kuliko alivyokuwa mkali nami.

Nilitamani kumwambia yule kijana kwamba mchanga ule si mkavu. Mto umeshuka tu chini, unatembea polepole gizani kuelekea ziwani, kwa wale wanaovua dagaa. Na ukiingia Ziwa Victoria haupotei, unashika njia ya Nile hadi Misri, kwenye bahari ambayo siyo hata ile niliyokuwa naifuata. Maji yetu hayajawahi kufika Bagamoyo kwa mto. Mimi ndiye nilikuwa naelekea huko, tena kwa nauli.

Singida, maji yasiyokwenda popote

Baada ya Igunga nchi inalala tambarare, halafu basi linaanza kupanda Sekenke likikoroma. Pale nyuma tuliacha mto Wembere, ambao hauendi Misri wala Bagamoyo. Unaishia kwenye mabwawa ya bara, jua linayanywa, basi. Nilikuwa na ramani ya shuleni niliyoikunja mara nne, na kila daraja nililiwekea alama ya penseli. Abiria wa nyuma alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee huyu ni mtu wa barabara, anakagua madaraja. Nikawaacha na imani yao.

Singida basi lilipata hitilafu ya breki. Tukakaa saa tatu. Nikala ugali na kuku wa kienyeji kwa mama mmoja mwenye banda la mabati, kuku mgumu mtamu, wa kutafuna kwa subira. Kutoka kwenye benchi lake ziwa linaonekana, na ukingoni mwake kuna ukanda mweupe. Nikamuuliza maji yale yanatoka wapi.

"Ya mvua, baba. Na vijito."

"Na yanakwenda wapi?"

Akaacha kupuliza mkaa, akaliangalia ziwa kana kwamba ndiyo kwanza limeletwa.

"Hayaendi. Yapo tu, kama sisi tulivyo."

"Ndiyo maana yana chumvi," nikasema. Nikamweleza: vijito vinaleta chumvi kidogokidogo kutoka kwenye mawe na udongo, maji yanapanda juani, chumvi haijui kupanda, inabaki. Bahari nayo ni hivyohivyo, ila ni kubwa na imeanza zamani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Baba, umefiwa?"

Nikamwambia nimefiwa. Akaniongezea mchuzi. Sikujua chumvi na msiba vinakutania wapi kichwani mwake, lakini ndiye mtu pekee katika safari nzima ya kwenda aliyeniuliza chochote.

Dodoma hadi Bagamoyo

Nililala Dodoma. Kesho yake nikapanda basi jingine na ramani yangu magotini. Mahali fulani baada ya Dodoma maji hugeuza uso. Mvua inayonyesha huko haibaki bara tena, inaingia vijito vinavyokwenda Wami na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Nilikuwa nasubiri hilo kama mtu anayesubiri kuvuka mpaka wa nchi. Tulipofika kwenye daraja dogo karibu na Gairo nikashindwa kujizuia, nikasema kwa sauti, "Hapa! Ni hapa sasa!"

Kondakta akagonga bodi. Basi likasimama. "Mzee anashuka! Mpisheni mzee!"

Ningewaelezaje? Watu wote wamegeuka, mama mmoja ameshanivutia mkoba. Nikashuka, nikaenda nyuma ya kichaka nikasimama muda wa mtu anayejisaidia, nikarudi nimeinamisha kichwa. Kondakta akasema, "Kisukari hicho, mzee, kapime." Nikamshukuru.

Chalinze nikashuka kweli, nikachukua Hiace mbili hadi Bagamoyo, nikafika nimechoka, nikalala gesti ya karibu na stendi. Harufu ya bahari ilikuwepo hewani, nadhani. Nilikuwa nimelala na madirisha wazi nikijaribu kuitambua, na kwa kuwa sijawahi kuinusa sikuwa na cha kuilinganisha nacho.

Pwani

Saa nne asubuhi nilikwenda na dumu langu. Nilipita kwenye eneo tambarare lenye majaruba, kingo za udongo mraba kwa mraba kama majaruba yetu ya mpunga, ila hakuna mpunga hata shina. Nikawasikitikia. Nikasema moyoni, hata huku mvua imewaangusha.

Nikashuka mpaka ufukweni. Bahari haikuwepo.

Nawaambieni kama nilivyoiona. Mchanga, tope, mchanga, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe wa kiangazi, na mbali kabisa mstari mwembamba wa buluu ambao ungeweza kuwa mbingu. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Maji kupwa na kujaa nimefundisha kila mwaka, na mchoro wa mwezi nauchora bila kutazama kitabu. Lakini macho yangu yamekulia kwenye mto Simiyu, na macho yalisema: imekauka. Kiangazi kimeifikia hata hii.

Nilihisi nimechelewa. Si kwa saa chache, nilihisi nimechelewa maisha yangu yote.

Mtu wa kwetu akiukuta mto umekauka hafanyi mkutano. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa mikono. Kina cha kiwiko, maji yakaanza kutoka pembeni, yenye rangi ya maziwa kwanza halafu yakatulia. Nikaokota vijiti na makombe ya chaza yaliyovunjika nikazungushia shimo langu, maana ndivyo inavyofanywa. Nikasubiri lijae. Nikachota kwa kiganja, nikaonja.

Nyie. Si chumvi ya mchuzi ile. Inakamata ulimi mpaka nyuma, halafu inaacha uchungu kama dawa. Nikageuka kushoto nikasema, "Umeona?"

Nilikuwa namwambia Nyamizi. Kushoto hakukuwa na mtu, kulikuwa na kaa mmoja mdogo, naye alikimbia. Nikakaa palepale kwenye tope na suruali yangu ya safari, nikalia kidogo. Naandika hili kwa sababu mmesema mnataka kujua yaliyotokea.

"Kaka, wachimba nini hapo?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, khanga kiunoni, koleo la mbao begani. Jina lake Bi Mwanaidi. Nikajifuta uso, nikasimama.

"Nachimba maji."

Aliangalia shimo, akaangalia uzio wangu wa makombe, akaniangalia mimi. Nikaona anapigana na kicheko na anashindwa.

"Maji yamepwa tu, kaka yangu. Mbona yaja yenyewe? Wewe kaa juu pale, saa tisa yatakuwa yamefika kwenye mikoko. Na huo uzio wako, wamzuia nani?"

"Ng'ombe," nikasema. Lilinitoka tu.

Alicheka mpaka akaegemea koleo, na mimi nikajikuta nacheka. Tulipotulia akaniuliza natoka wapi, nikamtajia, akasema hapajui lakini pole kwa safari. Ndiye aliyenieleza kwamba yale majaruba ni ya chumvi. Wanayafungulia maji ya bahari, wanayaziba, jua linafanya kazi, yeye na wenzake wanakwangua kinachobaki. "Maji huondoka," alisema, "chumvi haina pa kwenda." Nilikuwa nimeyasema maneno hayohayo Singida nikijiona msomi.

Kisha akaenda kazini kwake. Mimi nikakaa kivulini chini ya mti wa mkungu nikaisubiri bahari. Ilikuja bila haraka. Ilijaza vidimbwi kimoja kimoja, ikainua ngalawa, ikalifikia shimo langu, ikaupitia uzio bila hata kuomba, na shimo halikuwepo tena. Saa tisa ilikuwa imejaa mpaka mikokoni, na mwisho wake sikuuona. Nilingoja furaha ije pia. Ilikuja nusu. Kitu kikubwa namna ile si cha kutazama peke yako, unakosa mahali pa kukiweka.

Nikajaza dumu, nikafunga kifuniko na mfuko wa nailoni juu yake, nikarudi stendi.

Kurudi: Sekenke

Siku ya pili ya kurudi, lori lilikuwa limelala katikati ya barabara kwenye mteremko wa Sekenke, pamba yake imemwagika kote. Magari yakasimama. Jua la saa saba, hakuna duka, hakuna mti wa maana. Tulikaa mpaka saa kumi na moja.

Maji ya abiria yaliisha kwenye saa nane. Mimi chupa yangu niliimaliza mapema kama mjinga. Kilichobaki ni dumu, nimelipakata, lita tano zinang'aa juani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja kwa adabu zote, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwetu.

"Baba, naomba maji kidogo kwa ajili ya mtoto."

"Haya si ya kunywa, mayu."

"Hata kidogo tu."

"Kweli tena, si ya kunywa. Ni ya bahari."

Akanitazama, akaondoka. Nikasikia akiwaambia wengine. Mzee mmoja mwenye fimbo akaja, hakuomba, alisimama tu akasema, "Mtu anayenyima mtoto maji njiani, huyo anatoka ukoo gani?" Kwa hasira nikafungua dumu nikammiminia kifunikoni. "Onja mwenyewe."

Akaonja, akatema, akajipangusa ulimi kwa shati. Na badala ya kuelewa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo dawa," akawaambia wenzake. "Huyu anatoka kuchukua dawa pwani."

Nikaeleza. Nikasema ni mwalimu, nikasema ni ya darasa la sita, nikatoa hata ramani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kivuli cha basi nilichokuwa nimekaa kilivyobaki changu peke yangu. Ramani yenye alama za penseli kwenye kila daraja ndiyo ilinimaliza kabisa. Lori lilipoondolewa na tukapanda, aliyekuwa kiti cha pembeni yangu alihamia kwenye ngazi ya mlangoni. Nikasafiri hadi Shinyanga na kiti kitupu. Nilikiwekea dumu. Nikalifunga na mkanda.

Nyumbani

Nilifika Bariadi kesho yake mchana, nikaliweka dumu jikoni, nikamsalimia dada Mbuke, nikaanguka kitandani na viatu.

Kosa ni langu, na mniache niseme hivyo kabla hamjamcheka dada. Bomba lilikuwa limekauka siku mbili. Na huko Mwamapalala, dumu lenye maji haliachwi limekaa huku mtungi uko nusu. Maji yakishaingia ndani ya nyumba ni ya mtungi, na dumu linarudi barabarani kutafuta mengine. Alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa na miaka sita. Kilichonishtua ni sauti yake.

"Masanja! Amka! Umeniletea maji gani haya? Uji umekuwa kama magadi!"

Nikakimbia jikoni. Mtungi umejaa, dumu tupu, tayari limefungwa kamba ya kubebea. Nilisimama nikashika kichwa. Nilimpigia kelele dada yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwambia ni bahari ile, nimekwenda mpaka mwisho wa nchi kuifuata, nimemdanganya yeye, nimewadanganya watoto, na sasa imekwisha mtungini. Alinisikiliza huku ameshika upawa. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Ile mliyotaka kwenda na Nyamizi?"

"Ndiyo."

"Na ukaenda peke yako bila kutuambia."

Akakaa chini. Tukakaa wote wawili sakafuni, mtungi katikati. Baada ya muda akachota kikombe, akaonja tena, safari hii polepole. Ndipo nikamkumbuka Bi Mwanaidi na koleo lake. Bahari ilikuwa imechanganyika, lakini chumvi haina pa kwenda.

Jumatatu niliingia darasa la sita na jiko la mkaa, sufuria mbili, na dumu lililojaa maji ya mtungi. Sufuria moja nikatia maji ya mtungi, nyingine ya bomba la shule. Tukachemsha. Ilichukua vipindi viwili na mapumziko, hakuna aliyetoka kucheza. Mvuke ulipanda mpaka dari, nikawaambia wautazame vizuri, ule ndio mshale wangu wa ubaoni. Ya bomba ilipokauka iliacha vumbi hafifu tu. Ya mtungi iliacha ganda jeupe, limeng'ang'ania chini na pembeni.

Nilikwangua kwa kijiko. Kabula akawa wa kwanza. Akabana kidogo kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akakunja uso wote.

"Mwalimu, na ile mara ya kwanza ulipoionja ilikuwa hivihivi?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Mara ya kwanza ndiyo hii ya juzi," nikasema. "Nilipowaambia nimeionja nilikuwa sijaiona. Niliwadanganya. Lete daftari lako, ile vema nitaifuta."

Hakuleta daftari. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Ulikuwa na nani ulipoionja?"

"Peke yangu."

Akarudi kwenye sufuria, akabana chumvi nyingine, akaniletea kwenye kiganja chake kilichokunjwa ili isimwagike.

"Basi onja na sisi, Mwalimu."

Wakaja wote na vidole vyao, wakalizunguka jiko. Nikaonja. Ilikuwa na moshi wa mkaa kidogo.